Barua ya Nafsi ya Tatu

Kwanza nieleweke. Cheti cha kuzaliwa si changu. Kina jina la Tulinagwe Mwaisumo, na huyo yupo, ila hapendi watu. Mimi naitwa Sikitu. Nilianza kuwepo mwili huu ulipokuwa na miaka tisa, na tangu hapo foleni zote nimepanga mimi, magomvi yote nimegombana mimi, na kazi ya kuchambua majani kiwanda cha chai naifanya mimi. Wa tatu ni mtoto. Ana miaka saba na haongezeki. Hana jina, tunamwita Mdogo.

Nayasema haya mapema kwa sababu nimechoka na watu wanaoshtuka katikati ya maongezi.

Asubuhi ile nilisimama mbele ya jicho la hospitali kama kila mtu. Jicho ni kile kioo cha duara kilichobandikwa kwenye kila mlango wa maana nchini. Linakusoma kupitia paji la uso, linatafuta namna ubongo wako unavyowaka pale unapojijua kuwa ni wewe. Hiyo ndiyo alama ya nafsi. Wazee wanasema zamani watu walitambuliwa kwa kidole gumba, na mimi naionea wivu sana zamani hiyo. Kidole ni cha mwili, na mwili wetu ni mmoja. Alama tunazo tatu. Kuna siku niliingia sokoni mimi, muuza nyama akapiga meza kwa panga, Mdogo akashtuka akatoka mbele, na lango likagoma kutufungulia kwa sababu anayetoka si yule aliyeingia. Tulikaa mahabusu siku mbili kwa kosa la wizi wa nafsi, na aliyeibiwa ni mimi, na mwizi ni mimi.

"Wamo watatu," alisema karani wa Daftari la Nafsi, mama mmoja anaitwa Bi Subilaga, macho kwenye kioo chake. "Anayetibiwa ni mmoja au mmekuja wote?"

"Tumekuja wote. Ugonjwa wenyewe ndio huo."

"Basi kila mmoja alete barua ya mtaa."

"Barua tatu? Kwa kichwa kimoja?"

"Dada yangu, usinikasirikie mimi. Alama isiyotambulika ndani ya kichwa cha mtu ni kesi. Mwenyekiti wa mtaa akiitambua, hakuna kesi, matibabu yanaanza. Mnazo siku kumi na nne. Zikipita, mfumo unawapangia kofia wenyewe."

Nilitaka kumjibu vibaya, lakini alikuwa ametaja kofia.

Kofia ndiyo tiba wanayopewa karibu watu wote wenye hali yetu. Unavalishwa, unakaa dakika arobaini, inaitafuta alama iliyoandikwa kwenye cheti na kuzizima nyingine zote. Unatoka umepona. Nimekutana na waliopona. Wanajibu ukiwauliza, wanakula wakiwekewa chakula, na wana vipande vizima vya maisha yao wasivyojua vilikwenda wapi.

Ndiyo maana nilitafuta mtu wa kututibu kwa maneno, na ilinichukua miaka sita. Wa kwanza alikuwa mshauri wa kanisani, akatuombea na kunitaja mimi kama pepo, tena kwa jina. Wa pili tulionana naye kwa kioo cha simu, yeye yuko Dar es Salaam, akapiga miayo mara nne. Wa tatu alifurahi kupita kiasi; kila Mdogo akikaribia kutoka yeye anasogeza kinasa sauti. Yupo mwingine aliyeniambia kwa upole kabisa kwamba haya mambo huwapata watu wanaosoma sana, na mimi niliishia darasa la saba.

Bi Leokadia Mbilinyi nilimpata kwa kuambiwa na mgonjwa mwenzangu. Ana chumba nyuma ya jengo la kufulia mashuka, kina joto na harufu ya sabuni, na ni mmoja wa wachache nchini waliobaki na leseni ya kutibu kwa mazungumzo. Siku ya kwanza hakuniuliza ninaumwa nini. Aliuliza, "Amekuja nani leo?" kisha akasubiri jibu. Nililia kama mpumbavu. Akakubali kutuona kwa majaribio wiki kadhaa, lakini zaidi ya hapo, alisema, Daftari lazima litupitishe, la sivyo leseni yake inakwenda.

*

Mwenyekiti wetu wa mtaa, Mzee Mwakatobe, anauza vifaranga na chakula cha kuku, na ofisi ya mtaa ni hapohapo dukani, kati ya magunia ya pumba. Nilimkuta anachanja vifaranga.

"Shikamoo mwenyekiti."

"Marahaba. Ah, leo umekuja wewe mwenye mdomo." Alinijua kwa sauti tu. Mtaa mzima unatujua hivyo, na hakuna aliyewahi kutuuliza maswali ya kitaalamu. "Yule mpole hajambo?"

"Hajambo. Nataka barua, mwenyekiti. Tatu."

Nikamweleza. Alinisikiliza huku kifaranga kinamparua kiganja, kisha akanawa mikono, akatoa karatasi na muhuri. Barua ya Tulinagwe aliiandika kwa mistari miwili. Yangu aliongeza kwamba mimi ni mkazi mwenye kelele lakini mwadilifu, nikamwambia afute kelele, akakataa. Kwenye ya tatu alitua kalamu.

"Huyu ni kile kitoto kinachokuja kuomba kushika vifaranga?"

"Ndiye."

"Anavishika vizuri, havibani. Ana miaka mingapi?"

"Saba."

Akaandika polepole, kama anavyoandikia watoto wanaokwenda kuanza shule: *Namtambua kuwa mkazi wa mtaa wangu. Umri miaka saba. Anaishi na dada zake wawili, nyumba moja.* Akagonga muhuri kwa nguvu hadi meza ikatikisika. Hakuwa na haja ya kuandika umri. Hakuna aliyemuuliza anaishi na nani. Aliandika kwa wema, na mimi niliyesimama pale, mwerevu wa foleni zote, nilisoma barua ile nikaona imependeza.

Njia nzima Mdogo alikuwa karibu, nyuma tu ya macho yangu, anataka nimsomee tena. Nilimsomea mara tano. Kwa miaka yote ile alikuwa ameambiwa na mtu mmoja tu kwamba yupo, na mtu huyo ni mimi, na mimi sina muhuri.

*

Bi Leokadia anaueleza ugonjwa wetu hivi. Mtoto akikutwa na jambo asiloweza kulibeba, na hana pa kukimbilia kwa sababu anayemuumiza ndiye anayempa chakula, akili yake hufanya kazi ya ajabu. Inaligawa lile jambo. Mmoja anapewa kulibeba, mwingine anapewa kutolijua, mwingine anapewa kupigana. Kila mmoja anawekewa ukuta. Ukuta huo ndio uliomwokoa, na ndio unaomtesa akishakuwa mtu mzima. Tiba yake si kubomoa. Kwanza kila mmoja ajue kwamba hatari imepita. Kisha wafahamiane. Kisha, taratibu sana, aliyebeba apokewe mzigo.

Aliyebeba ni Mdogo. Mimi nilipewa kupigana, na Tulinagwe alipewa kutokujua. Najua ni nani aliyefanya, kwa sababu nyumbani kwake ndiko nilikozaliwa nikiwa nimekunja ngumi. Lakini kilichofanyika mimi siwezi kukiona, na mahakama za siku hizi hazisikilizi maneno matupu. Zinapima kumbukumbu imekaa kwa nani. Yangu ikipimwa inakutwa tupu.

Baada ya kupeleka barua zile kwenye Daftari, Bi Leokadia alimuuliza Mdogo kama anataka kukaa kwenye kiti. Wiki tatu alikataa. Wiki ya nne mikono yetu ikaanza kukunja pindo la kitenge, miguu ikapanda juu ya kiti, na sauti nyembamba ikasema, "Mwenyekiti ameandika kwamba nipo."

"Nimeiona," alisema Bi Leokadia. "Ameandika kweli."

"Basi nikikuambia kitu utaamini?"

"Nitaamini."

Akafikiri. Akasema atasema wiki ijayo, akiwa amezoea kiti. Mimi nilikuwa nyuma nasikia kila neno, na sikumbuki siku nyingine niliyofurahi namna ile.

Taarifa ya Daftari ilituingilia kiwandani, siku mbili baadaye, nikiwa na majani hadi kwenye viwiko. *Wakazi wawili watu wazima: tiba ya mazungumzo imekubaliwa. Mkazi wa tatu ni mtoto. Dada zake hawawezi kuwa walezi kwa kuwa ni wagonjwa wa faili hilohilo. Mlezi kwa mujibu wa ukoo: Ambakisye Mwaisumo, baba mkubwa. Ameitwa kuchagua tiba ya mtoto.*

Niliisoma nimesimama. Msimamizi aliniuliza nimefiwa na nani.

*

Alikuja amevaa koti na tai, ameshika mkungu wa ndizi. Mzee wa kanisa, mtu wa kuaminiwa kusimamia harusi na misiba. Nilimkuta kwenye benchi la nje ya ofisi ya Bi Subilaga, na nikasema shikamoo, kwa sababu mdomo umefundishwa hivyo tangu utotoni na haungoji ruhusa.

"Marahaba mwanangu. Umekonda. Nimekuletea ndizi."

"Umekuja kufanya nini, baba mkubwa?"

"Nimeitwa na serikali. Ningekataaje? Damu ni damu." Alishusha sauti, akaweka upole usoni kama anayefunga kifungo. "Nimesoma karatasi zao. Kwa mtoto nimechagua kofia. Dakika arobaini, hana maumivu. Kumkalisha mtoto anaulizwa maswali wiki kwa wiki, ya nini? Mtamkumbusha vitu ambavyo havikuwepo. Mwacheni apumzike."

Miguu ikarudi hatua moja, na haikuwa mimi. Mdogo alikuwa amemwona. Nilimsikia akirudi nyuma, nyuma, akapita pale anapokaa siku zote, akaenda mahali nisipofika. Nikashika ukuta nikasimama mimi. Nilitaka kumpiga mzee yule kwa mkungu wake mwenyewe, na naapa ningempiga, ila jicho la mlangoni linaandika kila kitu na mgonjwa anayepiga walezi haruhusiwi tiba ya mazungumzo.

"Utaweka ridhaa lini?" nilimuuliza.

"Sheria inataka siku tatu za kutafakari. Ijumaa." Akainuka, akaupapasa mkungu. "Zipike zikiwa mbichi hizi. Zikiiva hazina ladha."

*

"Nimpeleke mahakamani aondolewe ulezi," nilimwambia Bi Leokadia.

"Shahidi wako nani?"

"Mdogo."

"Ushahidi wa mtoto unapimwa kwa ridhaa ya mlezi."

Ng'ambo ya ukuta mashine za kufulia zilikuwa zinazunguka. Nikamtukana aliyetunga sheria hiyo, na wazazi wake, na Bi Leokadia akaniacha nimalize.

"Iko njia moja," alisema mwishowe, na alivyoisema nilijua ameifikiria kwa siku kadhaa na haipendi. "Barua ikitenguliwa, yeye si mkazi tena. Anarudi kuwa dalili ya ugonjwa wa Tulinagwe. Dalili haina mlezi. Mzee wako hatakuwa na la kuridhia, kofia haitakuwepo, na mimi nitaendelea kuonana naye chini ya faili la Tulinagwe. Hakuna atakayeniuliza."

"Basi tumepona! Mbona unasema kama unanizika?"

"Kutengua kunafanywa kwa kiapo, mbele ya jicho. Unasema kwamba hayupo na hajawahi kuwepo. Jicho halipokei kiapo kama bado linaona alama tatu. Utarudia mpaka ya tatu izimike yenyewe."

"Izimike vipi?"

"Mpaka ajifiche, Sikitu. Mpaka akuamini." Alivua miwani akaifuta, haikuwa na vumbi. "Na kesi dhidi ya mzee itakuwa imekufa moja kwa moja. Aliyetamkwa kwa kiapo kwamba hayupo hatoi ushahidi milele."

"Wewe ungefanya nini?"

"Sitakujibu hilo. Nikijibu utanifanya mimi ndiye niliyefanya."

Nilimchukia kwa jibu hilo na mpaka leo sijui kama nimeacha.

Tuna daftari ambalo kila mmoja wetu anaandika, ni sehemu ya tiba. Niliyaandika yote. Asubuhi ya pili nikakuta mwandiko wa Tulinagwe, mdogo, umeinama: *Usimwambie hivyo. Ndivyo alivyoambiwa na yule.* Nikaandika chini yake kwa hasira: *Una wazo jingine? Kofia?* Ukurasa ukabaki hivyo. Huyo dada yangu ndivyo alivyo, anajua kuugua dhamiri, maamuzi anayaacha kwangu.

Mdogo nilimtafuta siku nzima. Nilimwita nikiwa nachambua majani, nikiwa naoga, nikiwa nasukuma baiskeli mlimani. Nikamweleza kwamba ni maneno ya ofisini tu, ya kumdanganya mzee, kwamba mimi na yeye tutajua ukweli. Hakunijibu. Sijui kama alinisikia, na kama alinisikia, sijui mtoto wa miaka saba anatofautishaje maneno ya ofisini na mengine.

*

Ijumaa tulikuwa wanne ofisini: Bi Subilaga, baba mkubwa na tai yake, Mzee Mwakatobe aliyeitwa na muhuri wake, na sisi.

Wa kwanza kuulizwa alikuwa mwenyekiti. Bi Subilaga alimsomea: je, anakiri kwamba alimtambua mkazi asiyekuwepo?

"Lakini nimemwona," alisema Mzee Mwakatobe. "Ameshika vifaranga vyangu kwa mikono yake."

"Mzee wangu, jibu ndiyo au hapana."

Akanitazama. Nikaitikia kwa kichwa kumwomba. Akainamia viatu vyake, mtu mzima yule, akasema, "Nilikosea," na akatoka bila kuaga.

Kisha wakaniweka mbele ya jicho. Pembeni kulikuwa na taa tatu ndogo za kijani, moja kwa kila alama. Ya tatu ilikuwa hafifu, lakini ilikuwa inawaka. Kumbe alikuwepo. Kumbe alikuwa amerudi karibu kuona tunafanya nini.

"Sema," alisema Bi Subilaga.

"Hakuna mtoto. Hajawahi kuwepo."

Taa ya tatu ikapanda. Ikawaka kuliko zile mbili. Kifuani nikasikia kitu kinagonga, kidogo, kama mtu aliyefungiwa mlango kwa bahati mbaya na anadhani atafunguliwa.

"Rudia."

"Hakuna mtoto. Hajawahi kuwepo."

"Bado. Rudia."

Nilirudia mara tisa. Mara ya sita sauti ilinikauka, Bi Subilaga akanipa maji. Mara ya saba niligundua kinachokosekana. Nilikuwa nasema kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyokuwa inamweka pale. Basi nikaitoa. Nikasema kama wanavyosema watu wanaomaanisha, kwa ukali wangu wote wa foleni na mahabusu, ukali uliotengenezwa makusudi kwa ajili ya kumlinda yeye. Mara ya tisa taa ikazimika, na ndani yangu kukawa kimya kama nyumba iliyohamwa.

"Imepokelewa," alisema Bi Subilaga. "Mzee, ulezi wako umefutwa. Huna faili hapa."

Nilidhani atakasirika. Nilikuwa nimeingoja hasira yake kama malipo yangu. Lakini baba mkubwa aliinuka taratibu, akanyoosha koti, akaniwekea mkono begani mbele ya watu.

"Ahsante sana mwanangu," alisema. "Miaka yote nimesema hakuna kilichotokea. Leo umesema mwenyewe, tena kwa kiapo."

Jicho lilikuwa bado linasoma. Neno moja tu la kumpinga na kiapo kingefutika. Nikauacha mkono wake ukae begani mpaka alipouondoa.

*

Tiba yetu ilianza rasmi Jumatatu. Tuna idhini ya miaka mitano, jambo ambalo Bi Leokadia anasema hajawahi kuliona. Tulinagwe amekwishakaa kwenye kiti mara mbili na kusema jina lake. Wanaopima wanaandika kwamba tunaendelea vizuri.

Wiki ya sita Bi Leokadia alisogeza kiti chake karibu, akaniomba nirudi nyuma kidogo, nisichunge. Nikarudi. Akangoja kwa muda mrefu sana, mashine za ng'ambo zikamaliza mzunguko zikaanza mwingine.

"Mdogo," aliita. "Upo?"

Miguu yetu ikapanda taratibu juu ya kiti. Mikono ikashika pindo la kitenge. Nikataka kumwita, nikakumbuka nimeombwa nibaki nyuma.

"Hapana," ilisema ile sauti nyembamba, kwa adabu, kama mtoto anayejibu somo alilolishika. "Sikitu amesema sipo."